Kifua cha Masila

Masila Mwololo alifanya kazi katika idara ya picha ya hospitali yetu kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuna daktari aliyemwuliza kama anaumwa mahali. Tulikuwa na sababu yetu, ya kijinga lakini yetu. Kifua chake ndicho tulichofundishiwa jinsi kifua kisicho na ugonjwa kinavyokaa.

Alikuja Nairobi kutoka Mwala akiwa kijana wa kufagia, akaishia chumba cha giza, akisafisha filamu za eksirei kwenye maji ya dawa. Kompyuta zilipoingia na chumba kile kufungwa, wenzake walitawanywa, mmoja jikoni, mwingine mochari. Profesa Harbans, mkuu wa idara, alikataza Masila asiguswe. Alimpa stoo ya filamu za kufundishia, bahasha za kaki kutoka sakafuni hadi darini, na Masila akazijua zote, kila moja kwa ugonjwa uliomo. Ungemwambia unataka moyo uliovimba wa mama aliyetoka kujifungua, angeenda moja kwa moja akauleta, na angekuuliza kama wataka na ule wa pili ambao hukuujua. Alikuwa mpole, mwenye maringo kidogo, shati lake limepigwa pasi kila siku. Sisi wanafunzi wa radiolojia tulimwita Mzee ingawa hakuwa hata na miaka hamsini.

Profesa Harbans alikuwa na desturi yake ya Ijumaa. Alitundika filamu sita kwenye ubao wa taa, majina yamebandikwa plasta, akamwita mbele mwanafunzi mmoja mgeni, ambaye hakuruhusiwa kuingia kabla ya Ijumaa yake, azisome. Tano zilikuwa za wagonjwa. Ya sita ilikuwa ya kifua cha Masila, na ilikuwa mtego. Daktari wa picha, Profesa alisema, lazima awe na ujasiri wa kusema hapa hakuna kitu, maana ukimpa mtu ugonjwa asio nao utamchosha kwa sindano na skani bure. Aliyedai ameona ugonjwa kwenye ile ya sita alichekwa, kisha akatoa pesa ya samosa za darasa zima. Aliyetumwa kwenda kuzinunua pale getini alikuwa Masila mwenyewe. Alirudi na mfuko wa moto, akamgawia mwenye kosa samosa ya kwanza, akimpa pole, na alifurahia kazi hiyo kuliko zote.

Sasa, filamu huchakaa. Ile ya kwanza ilikuwa imeguswa na vidole vya vizazi vya wanafunzi mpaka ikaingia manjano, na mwanzoni mwa mwaka 2019 Profesa akataka mpya. Ilikuwa rahisi. Wafanyakazi wa eksirei hupimwa kifua kila mwaka, na picha ya Masila ya mwaka huo ilikuwa imepigwa wiki iliyotangulia. Wakaichapisha. Profesa aliinyanyua kuelekea dirishani, akaitazama kwa muda ambao mtu hutazama saa, akasema Masila ni yule yule. Ikapelekwa ubaoni. Hakuna aliyekaa chini akaisoma na kuiandikia ripoti kama tunavyomfanyia mtu yeyote anayeingia kutoka barabarani. Kwani unaandika ripoti ya nini, na ni kifua cha Masila?

Mimi nilianza masomo mwaka huo huo. Naitwa Syokau, na wanaonijua watakuambia nina hasira za karibu, ila siku ile hazikunisaidia. Ijumaa yangu ilipofika nilisoma tano za kwanza vizuri. Kwenye ya sita nikaona kitu. Juu kulia, nyuma ya mfupa wa mtulinga, mahali ambapo mfupa unapita juu ya ubavu na kuficha, palikuwa na kivuli kidogo cha ukubwa wa punje ya dengu. Nikasema. Nikasema ningependa mgonjwa huyu apigwe tena, akiwa ameegemea nyuma kidogo ili mfupa uondoke njiani.

Darasa lilicheka kabla Profesa hajafungua mdomo. Naye akatabasamu, kwa upole hasa, hakuwa mtu mbaya.

"Daktari," akasema, "umetafuta ugonjwa mpaka ukaupata kwa mtu mzima wa afya."

Nilitoa pesa. Masila akanipa samosa yangu na kuninong'oneza kwa Kikamba nisijali, hata wakubwa waliopo sasa walianguka hapo. Niliila, ilikuwa tamu. Jioni ile nilirudi peke yangu kwenye ubao nikaitazama tena ile filamu, nikajifunza kuiona kama wao. Nilijiambia ni mifupa imepishana tu. Kufikia mwisho wa mwaka sikukiona kile kivuli tena, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijifunza kwa bidii kutokukiona.

Miaka ikaenda. Korona ilisimamisha vipimo vya wafanyakazi, ikaisha, na hakuna aliyekumbuka kuvirudisha. Profesa alistaafu, akahamia kwa binti yake Kilimani. Mimi nikafaulu, nikabaki kufundisha, na Ijumaa zikawa zangu. Ndiyo, na mtego niliendelea nao, na kucheka nilicheka.

Kisha tukapata utafiti. Tulitaka kujua vitu vidogo vifuani vinatuponyoka mara ngapi, walimu kwa wanafunzi, ili tubadilishe namna tunavyofundisha. Filamu zote za stoo ziliingizwa kwenye kompyuta, zikafutwa majina na kupewa nambari, na kila moja ikasomwa na watu wawili wasioonana. Masila ndiye aliyezitoa kwenye bahasha, moja moja, kwa miezi mitatu. Alikuwa akikohoa. Alisema ni vumbi la makaratasi, nasi tukakubali. Alikuwa amepungua pia, suruali ameikaza kwa mkanda, na tulimtania kwamba Millicent, mkewe, amechoka kumpikia.

Picha nambari 417 ilisomwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Jaspreet, msichana mtulivu ambaye Ijumaa yake ilikuwa bado. Msomaji wa pili nilikuwa mimi. Ilipofunguka kwenye skrini niliitambua papo hapo, zile mbavu nilizijua kuliko za mama yangu. Nikabonyeza alama ya hakuna ugonjwa, nikaenda kwenye nyingine. Jaspreet alikuwa amechora duara juu kulia, nyuma ya mtulinga.

Wasomaji wakipishana, sheria ya utafiti ni kukaa pamoja. Nilimwambia, nikicheka, kwamba hii naijua, ni ya mtu mwenye afya kabisa, yupo pale nje anapanga bahasha. Jaspreet hakucheka. Alikuza ile sehemu ya picha, akaniuliza kwa adabu kama daktari anaweza kuitazama bila kumfikiria mwenyewe. Nikaitazama. Kivuli kilikuwa pale pale nilipokiacha. Niliifuta alama yangu, nikatoka kumwita Masila.

Tulimpiga Masila picha nyingine asubuhi ile. Alivua shati akiuliza utani ni upi leo. Punje ya dengu ilikuwa imekuwa donge la kujaza kiganja, na skani ya mchana ikaonyesha limeshafika kwenye ini na uti wa mgongo. Sindano ya kutoa kinyama cha kupima ilithibitisha wiki iliyofuata kwamba ni saratani. Nilimwambia habari hiyo mimi mwenyewe, ofisini, na alisikiliza mikono ikiwa magotini. Aliuliza tu kama sasa filamu yake itaondolewa ubaoni. Nikamwambia ndiyo. Akasema ni sawa, lakini nilimwona ameumia kwa hilo, mtu aliyejivunia kuwa na kifua kizuri maisha yake yote.

Nilikwenda Kilimani kumweleza Profesa. Aliishika picha ya 2019 muda mrefu, akaniomba nimwachie. Sikumkumbusha Ijumaa yangu, wala yeye hakuikumbuka. Nilirudi nikiwa nimemkasirikia, halafu kufikia barabara ya Ngong hasira ile ilikuwa imehamia kwangu, kwa sababu yeye hakukiona kile kivuli na mimi nilikiona.

Hilo nililibeba wiki sita. Masila alikuwa akiuguzwa nyumbani kwake Dagoretti Corner, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, chumba kimejaa kelele za kukata vyuma. Nilikuwa nikimpelekea dawa za maumivu kila Jumatano, na kila Jumatano nilirudi na maneno yangu. Siku moja Millicent alitoka kuanua nguo, nami nikaona nikingoja tena nitakuja kuyasemea kaburini.

Nilimwambia yote. Kwamba mwaka ule wa 2019, donge lilipokuwa dogo la kukatwa na kuisha, nililiona, nikalitaja, nikachekwa, nikanyamaza. Nilimwambia samahani, neno dogo mno kwa jambo lile.

Aliusogeza mto akajiinua kidogo. Kisha akanitazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anashangaa tu.

"Profesa alikucheka, sawa," akasema. "Na wale wengine. Lakini daktari, mimi nilikuwa hapo tu mlangoni. Si ungeniambia mimi?"

Mwaka mzima nilimsalimia kila asubuhi, akaniuliza mama yangu yuko aje, akanibebea bahasha. Ningemvuta kando nimwambie Mzee, hebu nenda upige nyingine, na angekwenda, maana hakuwa na sababu ya kunicheka. Nilimjibu ukweli, kwamba niliogopa kukosea mbele ya watu, nikaisoma ile picha, nikabishana nayo usiku na mchana, na haikunijia hata mara moja kwamba ilikuwa na mwenyewe.

Masila alitikisa kichwa polepole, akageukia ukutani. Wiki ya pili yake tukamzika Mwala.