Kumuulizia Mkwe Kando ya Mto

Posa ya binti yangu ililetwa na mposaji mwenyewe. Alikuja nyumbani kwetu Bawshar, hapa Maskati, siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri, peke yake, kavaa dishdasha mpya, mkononi kashika keki. Hakufuatana na baba, wala ami, wala hata jirani wa kumsemea mawili matatu. Akakaa kwenye kochi, akanywa kahawa, kisha akaniambia kwa Kiarabu cha kujifunza darasani kwamba anataka kumuoa mwanangu. Mie nilikuwa ndo kwanza naikata keki, nikabaki nimeshika kisu mbele ya mgeni.

Alikuwa Muingereza. Akifanya kazi kwenye ofisi ya wahandisi Khuwair ya Kusini, ofisi moja na binti yangu, na amepanga nyumba Madinat Sultan Qaboos. Alisilimu kabla hajamjua mwanangu, na imamu wa msikiti wa mtaani kwake akamshuhudia. Kwa dini sikuwa na la kusema. Kwa umri pia sikuwa na la kusema, maana binti yangu keshavuka thelathini, na waliokuja na wazee wao na masinia ya halua aliwakataa wote.

Kilichonikera kilikuwa kimoja, nakisema wazi. Mume wangu kafariki, mtoto nnaye huyu huyu, na nyumba ile ya Bawshar ilijengwa kwa ajili ya watoto wengi ambao hawakuzaliwa. Kila nikimtazama yule bwana nilimuona anambebea mwanangu sanduku kwenda uwanja wa ndege. Binti yangu naye akanikalia mbele, akaniambia, "Mama, ukisema hapana, basi, sitokwenda kinyume chako. Lakini usiniletee mwengine." Jibu likawa langu peke yangu.

Nikampigia simu dada yangu mkubwa. Huyu ndiye fundi wa kuulizia katika ukoo wetu. Kwetu mtu akiposa hajibiwi mpaka aulizwe, na haulizwi yeye. Wanaulizwa majirani, na duka analonunua mkate, na msikiti anaosali, na ikibidi mke aliyemuacha. Dada yangu anaweza kukaa na mwanamke asiyemjua kwa kikombe kimoja cha kahawa akainuka na khabari za babu wa mtu. Wapo wanaume wazima hapa Maskati wakimuona dukani wanageuza kigari cha vitu wakapita njia nyengine.

"Watu wake wako wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia hana watu, ana mama tu, mjane, anakaa kijiji kidogo kando ya mto huko Uingereza.

"Basi ndiko tunakokwenda. Si alisema karibuni?"

Kweli, wakati anaaga, yule bwana alisema karibuni kijijini kwetu wakati wowote. Binti yangu akatueleza kwamba kwao hilo ni neno la mlangoni, mtu hasemi kwa kumaanisha. Dada yangu akamjibu kwamba yeye kakaribishwa mbele ya mashahidi. Binti yangu akacheka, akatutafutia tiketi mwenyewe. Ule wepesi wake wa kutafuta tiketi ulipaswa kunishtua, lakini mie nilikuwa na haraka ya kwenda kutafuta ila ya kumkatalia.

Maana nilikuwa natafuta ila, tusifichane. Dada yangu alikwenda kuuliza kama kijana ana adabu, kama mamaake ana ulimi, kama kwao kuna ugonjwa wa kurithi. Mie nilikuwa na swali moja tu: huyu mtu akishaoa, atakaa Maskati au atarudi kwao na mwanangu?

Tuliondoka Maskati mwezi wa saba, jua halitazamiki, tukashuka kwenye kijiji ambacho mawingu yamekaa juu ya mapaa kama yaliyopangishwa. Palikuwa pazuri, sisemi uongo. Nyumba za mawe, daraja la mawe, kanisa dogo, na mto unaopita katikati, mwaka mzima, bila ya mtu kwenda kuutazama. Hilo ndilo lililomuudhi dada yangu. Kwetu wadi, bonde kavu la mto, likiteremsha maji watu wanaacha chungu motoni, wanajipakia garini na watoto na chupa ya kahawa, waende wakaone maji yanavyopita. Hawa maji yanapita mlangoni kwao na wamejenga jikoni upande wa pili. "Neema imewazoea," alisema, akaweka jamvi letu ukingoni pale pale kwenye manyunyu, tukakaa. Mabata wakaja kututazama. Watu walipita na miavuli wakatusalimia kwa adabu, kila mmoja akatwambia kwamba kunanyesha.

Mamaake mposaji alitupokea vizuri. Mwanamke mrefu, mkimya, goti moja bovu, anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Alitupa chumba cha juu kinachotazama mto, akatuonesha bomba la moto na la baridi, akatutilia chai, na siku nzima hakutuuliza tumefuata nini. Na sisi, kwa kuwa mama wa mposaji ndiye mtu wa mwisho kuulizwa, hatukumwambia.

Kesho yake tukaanza kazi. Dada yangu Kiingereza chake ni cha kununulia, kwa hivyo mie nilikuwa mkalimani. Wa kwanza alikuwa jirani wa ubavuni, anapogoa mawaridi. Nikamsalimia, nikayasifu maua, nikamwambia tunatoka Maskati, mtoto wa nyumba hii anakaa huko kwetu, je, ni mtu wa namna gani?

"Ah, mtu mzuri sana," akasema. "Miaka yote aliyokaa hapa hatukupata kumsikia."

Nikamtafsiria dada yangu. Uso ukamkunjamana. "Jirani hakupata kumsikia? Hata akicheka? Kimya kingi kina mshindo mkuu, muulize tena."

Nikauliza tena. Yule bibi akafikiri, akaona atusaidie zaidi. "Familia nzima ni hivyo hivyo," akasema. "Hawaingilii ya mtu."

Kumbe hizo ni sifa. Sisi mtu akituambia jirani yake haingilii ya mtu, tunajua pale pana ugomvi wa mirathi, au pana uchawi. Wa pili alikuwa mzee na mbwa wake darajani. Huyu alitueleza maradhi ya mbwa tangu yalipoanza, dawa aliyopewa, na namna anavyolala. Tulipomuuliza khabari za nyumba ya mposaji akasema wamekaa mtaa mmoja maisha yao yote, na wanaheshimiana mno, kwa hivyo hajui chochote.

"Wanaume wao wanakaa baraza gani?" dada yangu akauliza, keshachoka. Baraza yao nikaiona: baa ya pale kando ya mto. Sehemu pekee kijijini wanapozungumza watu ni ile ambayo sisi hatuwezi kuingia. Dada yangu hakuona tatizo. Nje palikuwa na mabenchi. Tukakaa na abaya zetu na chupa yetu ya kahawa, tukangoja watoke. Wakatoka. Mmoja alidhani tumepotea akataka kutuitia teksi. Nikamkaribisha kahawa na tende, akakaa, na nadhani kwa sababu kokwa ya tende ilimshughulisha mdomo akasahau kujizuia.

"Yule kijana? Siku hizi hatumuoni," akasema. "Anakuja mwaka huu, unaofuata anaruka. Huyo keshakuwa mtu wa huko kwenu, hawezi kurudi tena hapa."

Dada yangu alipotafsiriwa alisonya. "Kamtupa mamaake," akasema. "Hiyo ndiyo ila."

Mie moyo ulinifunguka kama dirisha. Hawezi kurudi tena hapa. Nimesafiri mpaka huku kutafuta sababu ya kumkataa, na sasa nimeipata sababu ya kumkubali, na ni ile ile moja. Nilimmiminia yule bwana kahawa nyengine, nikampa na tende za kuchukua nyumbani kwake.

Tuliporudi chai ilikuwa mezani na mamaake mposaji kakaa anatungoja. Wale watu wasiojua khabari za jirani walikuwa wamekwisha kumfikishia kila tulichouliza, na nani tulimuuliza, na kwamba tumekunywa kahawa nje ya baa kwenye mvua. Nikaona haya. Yeye hakukasirika. Alisema tungemuuliza yeye, maana yeye ndiye anayemjua.

Kisha akaanza kusema, na mie nikitafsiri kidogo kidogo. Mwanawe ana roho nzuri, akasema, na ni mzito wa kupiga simu. Akikasirika hunyamaza siku nzima na hujui kosa lako. Babaake alipougua, kijana alikuwa Maskati, akaja kumzika, kazi ikamuita akarudi. Tangu hapo nyumba ndiyo hivi mnavyoiona. Akasema ngazi zinamshinda, na siku nyengine hulala kwenye kiti huku chini kwa uvivu wa kupanda. Dada yangu alikuwa ameacha kunitikisa mkono nitafsiri. Sidhani katika maisha yake ya kuulizia alipata kumuona mama anayemtaja mwanawe kwa aibu zake.

"Niliposikia mnakuja," yule mama akasema, "nilijua mmekuja kuniambia kwamba harudi tena."

Akainuka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Iliniingia. Mie niliyekuwa nachekelea kwenye benchi kwamba mwanawe hawezi kurudi, nnakula biskuti yake. Nikamfuata jikoni, nikamshika mkono na povu lake, nikamwambia, "Usitie unyonge. Mwanao atarudi kwako, inshallah. Na mwanangu atakuwa mwanao, atakuangalia."

Maneno hayo kila mtu kwetu anayajua. Mgonjwa aliyekwishakatiwa tamaa unamwambia utapona, utacheza ngoma ya wajukuu. Mtu aliyefilisika unamwambia Mungu atafungua mlango mwengine. Ni faraja, ni kama kumpangusa mtu machozi, na hapana aliyepata kukushika shati akakwambia mbona sijapona. Yule mama alinitazama akauliza, "Kweli?" Nikasema, "Kweli kabisa." Dada yangu kasimama mlangoni; Kiingereza cha namna hiyo alikielewa.

Kwenye ndege akatoa hukumu. "Mkubalini," akasema. "Mama wa namna ile hakulea mwana wa kificho." Kwa dada yangu posa kupita ni jambo la kuandikwa ukutani. Mie nilikubali kabla hajamaliza. Mkwe mzuri, na atakaa Madinat Sultan Qaboos, dakika chache kwa gari kutoka kwangu. Nilishaanza kufikiri wajukuu watalala chumba gani.

Siku ya pili tangu turudi Maskati, binti yangu akatoka kazini akanikuta ukumbini na dada yangu. Akakaa chini miguuni kwangu kama alipokuwa mdogo. Nikamwambia, "Nimekubali. Mwambie alete wazee, na kama hana, nitamuazima wangu." Akanibusu kichwa, akalia, na mie nikalia.

"Na lile jengine, mama," akasema, "sijui nikushukuru vipi."

"Lipi tena?"

"La kuhamia kule kijijini. Mamaake alimpigia simu siku ile ile mlipoondoka, kamwambia ulivyosema jikoni. Yeye tangu babaake alipokufa anataka kurudi akae karibu na mamaake. Akanambia kwako hatothubutu kuomba, maana anakuona ulivyo peke yako. Alisema hawezi kumnyang'anya mama mmoja ampe mwengine. Sasa kwa kuwa umesema mwenyewe, keshaomba kuacha kazi. Tukishaoana tutakwenda."

Nikamuuliza, "Na weye unataka?"

"Nnataka, mama. Nilikuwa siwezi kukwambia. Ndiyo maana nilifurahi mlipotaka kwenda, nilitaka upaone."

Nilikuwa bado nina nafasi. Neno moja tu: mwanangu, mie nilikuwa namfariji mtu. Angenielewa, kazaliwa humu humu. Angekwenda kumwambia mchumba wake kwamba mama hakukusudia, na angebaki, maana aliniahidi hatokwenda kinyume changu. Nikamtazama dada yangu, aliyevunja posa za watu kwa sababu mposaji kacheka vibaya mbele za wakubwa, nikangoja aivunje na hii.

"Ahadi ni deni," akasema, akajimiminia kahawa.

Basi nikamuuliza binti yangu kama ana koti zito. Hana, aliyezaliwa Maskati atakuwa nalo la nini. Ijumaa ile tukazunguka maduka tukilitafuta, nje watu wanakimbia kutoka garini mpaka mlangoni kwa joto, na wauzaji wakitutazama kama wagonjwa. La kwanza nililikataa, jepesi. La pili fupi, nikasema nataka la kufika magotini, kule upepo unatoka mtoni. La mwisho akalivaa, akalifunga vifungo mpaka shingoni, akajigeuza mbele ya kioo, akaniuliza limemkaa vipi. Nikamwambia limemkaa vizuri. Na kweli lilimkaa vizuri, kama lililoshonwa kwa ajili yake, na hilo ndilo lililoniuma.