Salamu za Magurudumu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufunguo wa gari. Nilipewa kitambaa. Nilikuwa nimefika kwenye karakana ya mradi wa visima, hapa Mbulu, nikiwa na leseni mpya na kiburi cha kutosha, maana kati ya madereva sita mwanamke nilikuwa peke yangu. Mkuu wa Karakana, Mzee Amnaay, aliitikia shikamoo yangu, akatazama viatu vyangu, kisha akasema, "Veronika, futa kwanza. Gari usilolijua kwa mkono, usilipande."

Nilifuta pikapu ile hadi saa nne. Kisha tukatoka, yeye akiendesha, mpaka juu ya mteremko wa njia ya Masieda. Kabla ya kushuka alisimama, akavuta breki ya mkono na kuteremka. Alizunguka gari akigusa kila gurudumu katikati, kwenye habu, yaani kile kikombe cha chuma kinachoficha beringi. Aligusa kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu ukiungua upande huo bado utaweza kushika usukani. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nasalimia," akasema. "Hawa wametubeba kutoka mjini, ni wakubwa zangu. Pakiwa baridi au vuguvugu, limeitika. Pakichoma, limekataa salamu. Hapo breki inashika au beringi imekwisha, na wewe huendi popote."

Madereva wenzangu walimwita Mzee Marahaba. Walimcheka mchana kutwa, na yeye hakujali. Alitufundisha kuwa mteremko unashukwa kwa gia ileile ambayo ungeupandia, na kwamba anayechomoa gia ili gari liserereke na kuokoa mafuta anawaokolea mafuta watakaompeleka kaburini. Nilipopelekwa Hirbadaw, upande wa Hanang, kubeba mabomba ya visima, aliniaga kwa sentensi moja: "Ukikuta ng'ombe barabarani, usipige honi, subiri. Mwenye leseni ni wewe." Miaka minne nilingoja ng'ombe wa watu kwenye vumbi la Hanang, na sikumgonga hata ndama.

Nikarudi Mbulu, nikapangiwa kumwendesha Mhandisi wa Mradi, bosi aliyekuwa na haraka hata akiwa anakunywa chai. Siku moja tulikuwa tunakwenda kwenye kikao kwa njia ileile ya Masieda. Nilipopunguza mwendo juu ya mteremko, Mhandisi akatazama saa.

"Dada, leo hizo salamu zako ziache. Tumechelewa."

Ningeweza kukataa. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuambiwa, maana nami nilikuwa nimechoka kuchekwa. Tulifika nusu ya mteremko nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha pedali ya breki ikalainika chini ya mguu wangu. Nikaingiza gari kwenye ukingo wa udongo kwa makusudi ili lisimame. Mhandisi alivunjika mkono. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika jino la mbele, na pengo lake ninalo mpaka leo.

Mratibu wa Mradi, aliyekuwa juu ya wote, alituita ofisini. Nikasema nilisimama, nikakagua, magurudumu yote yalikuwa baridi. Mhandisi alinyamaza. Mratibu akamgeukia Mzee Amnaay, ambaye ndiye aliyekwenda kulivuta gari.

"Mimi sikuwepo," alisema Mzee taratibu. "Lakini habu zote nne zina vumbi, na vumbi halina alama ya mkono. Huyu hakushuka."

Nilitolewa kwenye usukani miezi mitatu, nikawa naosha magari. Mhandisi hakuambiwa neno. Nilimchukia Mzee Amnaay kwa moyo wote. Nilitaka anifiche kama baba anavyomficha mtoto wake, na yeye alikuwa amenianika. Asubuhi iliyofuata nilipokutana naye getini nikamwambia, "Habari za asubuhi." Ninyi vijana mnaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwetu, kumnyima shikamoo mtu wa umri wa baba yako ni kumwambia hadharani kuwa si kitu. Mafundi waliinamisha vichwa. Yeye akajibu, "Nzuri, Veronika," akaendelea na kazi zake.

Nilimsalimia hivyo hadi akastaafu. Hasira yenyewe iliisha mapema, pengine mwaka wa pili, lakini nilishazoea, na aibu ya kurudi nyuma ilikuwa kubwa kuliko hasira. Alihamia kwa binti yake Hirbadaw. Nilipita pale mara nyingi nikiwa na gari na sikukata kona kwenda kumwona. Niliposikia anaumwa nilipanga kwenda Jumamosi. Alifariki Alhamisi.

Familia iliomba gari la kumrudisha kwao Endagikot akazikwe, nami nikaomba niendeshe mimi. Jeneza lilikaa nyuma ya pikapu chini ya turubai. Nyuma yetu kulikuwa na magari matano ya waombolezaji, na mnajua misafara ya misiba ilivyo: honi, vumbi, kila mtu anataka kumpita mwenzake. Kijana mkubwa wa Mzee, aliyekaa pembeni yangu, alihesabu dakika.

"Mama, kaza kidogo. Padri anasubiri, na mvua hiyo inakuja."

Juu ya mteremko wa mwisho nilisimama. Honi zikalia nyuma yangu. Kijana akaniuliza kama gari limeharibika.

"Halijaharibika," nikamjibu. "Baba yako hajawahi kushuka mlima bila salamu. Leo siwezi kumshusha hivyo."

Nikateremka, nikaanza na gurudumu la mbele kulia. Honi zilipungua moja moja. Nilipoinua kichwa, madereva wengine walikuwa wameshuka, na wawili wao ndio waliobuni lile jina la Mzee Marahaba. Wote walikuwa wameinama kwenye magurudumu yao. Hakuna lililokutwa la moto. Siku nyingi ndivyo ilivyo, na ndiyo maana watu huacha kugusa.

Sasa nimestaafu. Kila mwaka baada ya misa ya kumwombea Mzee, tunakutana madereva na vijana wa bodaboda juu ya mteremko ule, tunashuka, tunagusa. Mwaka jana kijana mmoja alinitania, "Mama, mimi nina magurudumu mawili tu, nisalimie nusu?" Nikamwambia asalimie mara mbili, halafu avae na kofia yake ngumu.

Wananisifu kwamba nilimheshimu sana mwalimu wangu. Huwa nanyamaza, kama alivyonyamaza Mhandisi. Leo naandika nisichowaambia. Siku ile, baada ya gurudumu la nne, nilikwenda nyuma ya pikapu, nikainua turubai, nikaweka mgongo wa kiganja changu juu ya jeneza.

"Shikamoo, Mzee."

Ubao ulikuwa baridi. Nikarudi kwenye usukani, nikatia gia ya pili, tukashuka.