Kitambaa cha Njano na Kadi ya Kamau

Enzi zetu, kompyuta ilikuwa inavaa nguo. Nyinyi mliokulia Ruiru miaka hiyo ya tisini mnajua nasema nini. Kiti ilikuwa na kitambaa, redio kitambaa, hata thamosi ya chai ilikuwa na sweta yake. Maitu, mama yetu, alikuwa anafuma githeri ikichemka, anafuma akisalimia jirani, macho haiko hata kwa sindano. Ukiingia kwa watu upate meza iko uchi, ulijua huyo mama ni mgonjwa.

Kompyuta yetu ilitupwa na ofisi moja ya kahawa, Baba akaileta nyumbani kwa wilbaro kama gunia ya makaa. Mimi nilikuwa darasa la saba, magoti zangu zimejaa vidonda vya mpira ya makaratasi. Ndugu yangu Kamau alikuwa amemaliza Fomu Foo na hana kitu ya kufanya. Hakuna mtu alimfundisha hiyo mashine. Aliifungua na kisu ya jikoni, akasoma ndani yake pole pole, na mimi nikasoma nyuma ya bega lake. Shida ilikuwa picha. Kadi ya video, ile kipande inapelekea skrini picha, ilikuwa imezeeka. Kila kitu ilikuwa zambarau na mistari ikishuka kama mvua.

Baba alifanya kazi kiwanda cha blanketi Thika. Siku moja akaweka kikombe chini akasema, "Kamau, hiyo kitu ikifanya kazi mpaka Krismasi, nitakupeleka chuo ukasome kompyuta. Ikikataa, Januari tunaingia kiwanda na wewe." Baba akisema amesema.

Sasa mwone Kamau vile alichagua kadi, halafu mniambie kama alikuwa mjinga. Kwanza aliweka karatasi ya hesabu juu ya ile shimo kadi inaingia, akapaka penseli juu yake, vile tulikuwa tunachora shilingi. Tukaenda Thika na hiyo karatasi. Kulikuwa na Mzee Athumani, fundi wa redio aliyekuwa anauza vipande vya kompyuta kuukuu. Akatutolea kadi tatu. Mimi nikashika ile inang'aa. Kamau akaiweka juu ya karatasi. Meno yake, ile sehemu inaingia shimo, ilikuwa fupi.

"Rudisha," akaniambia. "Uzuri hauingii kwa shimo."

Zikabaki mbili. Moja ilikuwa mpya lakini rangi zake chache. Ingine ilikuwa imetumika, lakini rangi nyingi na bei ya mtu wa kawaida. Kamau akaomba iwashwe kwa mashine ya duka. Akangoja mpaka mimi nikamaliza mandazi mbili. Halafu akainusa, kweli nakwambia, akainusa kama mama ananunua nyama.

Mzee Athumani akacheka. "Wanangu, hiyo si ya kula na wali!"

"Haina harufu ya kuungua," Kamau akasema. "Tunachukua hii."

Siku aliiwasha, majirani wote wa ploti walikuja kuona. Ilikuwa picha ya ua tu, nyekundu, lakini wamama walipiga makofi. Maitu aliingia ndani akatoa uzi ya njano, ile alikuwa anaweka ya maana, na kwa wiki moja akafumia kompyuta nguo kamili, mbele na nyuma, skrini peke yake ndiyo ilitoa uso. Alisema ni vumbi ya Ruiru. Lakini mimi nilimwona akiivalisha. Ilikuwa ni mtoto wake amevalisha.

Jumapili moja kabla ya Krismasi Baba akaleta marafiki wa kiwanda waone kazi ya kijana wake. Kamau akawasha. Skrini ikakaa nyeusi. Baba alisindikiza wageni mpaka geti, akarudi, akasema maneno mawili: "Ulichagua vibaya."

Mimi damu ikapanda. Kesho yake nikachomoa kadi, nikaenda Thika peke yangu, nikamtukana Mzee Athumani mbele ya wateja. Nikamwita mwizi. Aliningoja nimalize. Akageuza kadi kwa mwanga, akatoa kitu na kucha.

"Mwanangu, kadi imekufa na joto. Na huu uzi wa njano ni wa nani?"

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Tukafungua mashine na Kamau. Ile feni ya nyuma, ya kupooza mashine, ilikuwa imevuta nyuzi za kitambaa, zikajizungusha mpaka feni ikasimama. Maitu alikuwa jikoni akiimba. Nikasimama niende nimwambie, na nimwambie Baba pia. Kamau akanishika kola.

"Ukimwambia Maitu, mimi na wewe si ndugu tena."

"Na chuo?"

"Nilichagua vibaya. Basi."

Januari akaingia kiwanda. Alikaa huko miaka ishirini, na mpaka leo anakohoa manyoya ya blanketi.

Siku hizi kijana wangu amenunua kadi iko na feni tatu na taa kama disko. Hakuinusa. Aliangalia mtu asiyemjua kwa simu akimwambia ni poa. Na akikasirika hata kidogo, dunia yote itajua kabla chai ipoe. Enzi zetu tulibeba kitu kwa roho mpaka mtu anazeeka nayo.

Mwezi uliopita Maitu alitutembelea, na Kamau pia alikuwa. Maitu akaona mashine ya mjukuu iko uchi, akatoa sindano na uzi. Jioni ilikuwa imeshavaa. Akarudi nyuma akaitazama, akasema, "Huyu mtoto anajua kuchagua. Si kama Kamau."

Mimi hasira yangu mnaijua. Nikamwangalia Kamau. Alikuwa anaangalia kikombe yake.

"Lakini Cucu," kijana wangu akaanza kumwambia nyanya yake, "hiyo itaziba..."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Kitambaa ni kizuri, Maitu," nikasema.

Maitu alipoenda kulala, Kamau aliivua hiyo nguo mwenyewe, akaikunja polepole, akaiweka kwa mfuko wa koti. Alisema ataenda nayo kwake, aivalishe redio.