Sindano Ndani ya Neti

Fundi aliyenishonea gauni la harusi tulimwita Mama Tutu, kwa sababu ujana wake wote aliwashonea wacheza dansi ya baleti zile sketi fupi za neti zinazosimama zenyewe, ziitwazo tutu. Alipoacha kazi ya jukwaani akahamia kwa maharusi na mtindo ule ule: juu limebana, chini neti tabaka juu ya tabaka. Ukilivaa unahisi miguu haigusi sakafu. Nililipenda hilo gauni mpaka nyumbani wakawa wananicheka.

Lakini mwoga yule mama, sijapata kuona. Zipu hakuweka. Asubuhi ya harusi alikuwa anakushonea gauni mwilini, kama alivyowafanyia wachezaji wake, na kila sindano iliyotoka kwenye kijimto chake lazima aione imerudi. Zamani mchezaji mmoja aliruka na sindano iliyosahaulika ndani ya nguo, akatua nayo imeingia ubavuni. Tangu hapo, alisema, hajawahi kula chochote siku ya harusi ya mtu.

Siku yangu akamaliza, akakata uzi. Kwenye kioo nikamwona anapapasa kijimto, anapapasa kifua chake, kisha anatambaa sakafuni na sumaku.

"Mama, gari linasubiri. Unatafuta nini?"

"Tulia, mwanangu. Usikae."

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia binti wa mchumba wangu. Alikuwa na miaka minne. Mamake alifariki yeye akiwa mchanga, na mimi mwaka mzima nilimbembeleza wala hanitaki. Hata salamu nilikuwa naiombaomba. Sasa akaiona ile sketi. Macho yakamtoka, akanyoosha mikono, akaja mbio kujizamisha humo kichwa kwanza.

Mama Tutu akamdaka kiunoni.

Nikapandwa na hasira. "Mtoto hajawahi kunijia hata siku moja. Mwache."

"Sindano moja siioni," akasema. "Sakafuni haipo. Itakuwa imo humo kwenye neti."

 Nilitaka kumzaba Mama Tutu kofi. Nilitaka pia kujifanya sikusikia, nimpakate mtoto mara moja tu, kwa sababu mikono bado alikuwa ameninyooshea na sikujua kama angeninyooshea tena. 

"Likate," nikasema.

"Kazi ya miezi hii, mwanangu."

"Mama, likate kabla sijabadili nia."

Akalikata mgongoni huku analia. Gauni likaanguka, nikabaki na shimizi. Mtoto akaliangalia lile rundo la neti, akaniangalia mimi, akaangua kilio: nimeliharibu, mimi mbaya, hanitaki. Akakimbilia kwa bibi yake.

Nikaolewa na gauni la dada yangu, linanipwaya mabegani. Katikati ya sherehe Mama Tutu akanijia, sindano ameichomeka kwenye kipande cha sabuni. Aliikuta tabaka la pili kutoka nje, usawa wa paja langu, ncha imetazama nje.

Nikageuka kumtafuta mtoto. Alikuwa amejibanza nyuma ya kiti cha bibi yake, ananikodolea macho kwa chuki. Yalikuwa yamevimba kwa kulia, mekundu, yote mawili mazima. Nikamwacha anichukie.