Chini ya Saa Mbili Mpaka Chennai

Mumbai hadi Chennai ni kilomita elfu moja na kidogo, na ndege huchukua chini ya saa mbili. Nilikuwa nimeyakariri hayo. Jumapili ile mchana nilikaa kwenye chumba changu cha kupanga, Flemingsberg, Sweden, nimeikodolea macho simu, nikifuatilia kindege cha njano kikikatiza ramani ya India. Ndani yake alikuwamo mama, ambaye moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, na dada yangu aliyekuwa amemtoa nyumbani kumpeleka hospitali Chennai.

Mimi sikuweza kwenda. Kibali changu cha kuishi Sweden kilikuwa kimekwisha muda, na ombi jipya lilikuwa limelala kwenye meza za watu wa uhamiaji miezi tisa sasa. Kutoka nchini ningetoka bila kuulizwa. Kurudi ndiyo ilikuwa shughuli. Asubuhi hiyo hasira zilinipanda, nikaandika kwenye kundi la familia: liwalo na liwe, nakata tiketi nakuja. Hakuna aliyenijibu. Wakapanda ndege, simu zikazimwa.

Ilibaki nusu saa watue, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa mama mmoja Mtanzania mwenzangu anayekaa Rinkeby, aliyekuja huku kusoma kabla mimi sijazaliwa, amebeba sufuria ya pilau. Nyuma yake alisimama Mkongo ninayefanya naye kazi ya usafi wodini.

"Tulikuwa tunapita tu," akasema yule mama.

Rinkeby na kwangu ni mwanzo na mwisho wa jiji. Hakuna anayepita.

Mkongo akanyoosha mkono. "Ndugu, leta kwanza telefone."

Kwetu aliye ugenini haambiwi msiba kwa simu akiwa peke yake. Hutumiwa watu. Wanakuja na chakula, wanamnyang'anya simu asije akasoma kwenye kundi, wanamkalisha, ndipo wanasema. Hata mimi nimewahi kwenda hivyo kwa mwenzetu mmoja Skärholmen, nikamwambia nilikuwa napita. Sikujiuliza habari ingetokaje angani, ndege haijatua. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti.

"Unamlilia nani?" yule mama akashtuka. "Hajafa mtu! Dada yako kanipigia kabla hawajaondoka. Kasema unataka kusafiri. Uppehållstillstånd yako, hicho kibali, ukiiacha hivi, mwanangu, huku hurudi tena. Tumekuja kukuzuia."

Nilifurahi, na papo hapo nikawachukia wote wawili. Walikaa kati yangu na mlango, wakala pilau, wakazungumzia baridi. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa Mkongo. Nilikuwa mtu mzima niliyewekwa chini ya ulinzi kwangu mwenyewe.

Ilipolia, akanipa. Ilikuwa sauti ya mama, anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, mimi nakuja. Waseme watakavyosema."

"Usije."

"Mama, kibali kitu gani?"

"Sisemi habari za kibali." Akavuta pumzi. "Wewe ndiye uliye mbali kuliko wote. Siku nikikuona umesimama karibu na kitanda changu, nitajua madaktari wamekwambia kitu ambacho mimi wamenificha. Nitaogopa, mwanangu. Kaa hukohuko, nijue napona."

Yule mama wa Rinkeby, aliyekuwa akiyasikia yote, alikuwa amesogea pembeni, akawa hana tena haja ya kuukalia mlango.

"Sawa, mama," nikasema. "Siji."