Abiria Wasiokwenda Popote

Paki ya Koboko, kituo cha mabasi, asubuhi ilinukia dizeli, karanga za kukaanga na vumbi lililonyunyiziwa maji. Mwaka ule tulipovuka mpaka kutoka Yei kuingia Uganda, niliijua harufu hiyo kabla sijaijua njia ya kisimani. Jicho la mdogo wangu Keji lilikuwa limeanza kufunikwa na utando, na daktari wa macho alifika Arua siku moja tu kwa mwezi, akiondoka adhuhuri. Muuguzi alimwambia mama wazi kwamba tukimkosa safari hii, jicho huenda lisisubiri nyingine.

Mgeni ni kuku mweupe. Wapiga debe walituona tungali mbali, wakatuelekeza kwenye basi la bluu lililokaribia kujaa. Mama akamshukuru Mungu. Kwetu safari ilikuwa ya lori, na mpanda lori huwapa wenzake mkono mmoja mmoja, huwauliza waendako, kisha hufungua chakula, maana lori likikwama mtoni hao ndio watakaosukuma. Basi mama akafanya vivyo hivyo. Alianzia kiti cha nyuma akaja mbele, akisalimia na kugawa karanga zetu. Watu walipokea huku wakitazama dirishani. Niliona aibu, na zaidi nilizionea uchungu karanga.

Hata wakati ule nilikuwa mtu wa kuhesabu mara mbili. Nikahesabu vichwa, nikahesabu na mizigo: vichwa vilijaa basi, mizigo ilikuwa yetu peke yetu. Na kila abiria mpya alipoingia na kapu lake, mmoja wa waliotutangulia alishuka akijinyoosha mgongo, asirudi. Mama alininong'oneza kwamba huenda matumbo yanawasumbua. Akaanza kuzishuku karanga.

Jua likapanda. Mbele yetu alikaa mwanamke wa Kinubi, mtu mzima, akitafuna karanga zetu taratibu. Mama alimwuliza tena, kwa upole, atashukia wapi; kama ni Arua, amwonyeshe hospitali, mtoto ana jicho. Yule mwanamke akamtazama Keji, akamtazama mpiga debe aliyesimama nje, kisha akasema bila kugeuza kichwa:

"Binti yangu, mimi siendi. Wale pia hawaendi. Tunapewa pesa ya chai kukaa hapa, watu waone gari imejaa."

Mama akauliza: "Kila siku?"

"Kila siku. Lakini nimekula chakula yako, siwezi kukuficha. Shuka. Ile nyeupe pale iko na watu ya kweli, inatoka sasa."

Tuliposhuka, mpiga debe alitaka kujua kulikoni. Mama, kwa Kiswahili chake cha wiki mbili, akasema mtoto anataka kukojoa. Lile jeupe liliondoka hata hatujakaa sawasawa. Arua tulimkuta daktari akivua koti lake. Alimtazama Keji, akalivaa tena.

Siku hizi yapo mabasi yanayoondoka kwa saa yake, yawe yamejaa au matupu, na tiketi unaikata kwa simu ukiwa kitandani. Keji anaona kwa macho yote mawili, na hupenda kiti cha dirishani. Nikipiga hesabu ya faida na hasara, usafiri wa leo unashinda, nimeihakiki mara mbili. Ila humo ndani kila mtu ameziba masikio kwa nyaya zake, hakuna amwulizaye mwenzake anakokwenda, na sijui nani angemwambia mama yangu ashuke.