Mafundo Niliyokata kwenye Gari ya Baba Mkwe

Alhamisi, tarehe nane Agosti. Baridi. Manyunyu hayakukatika tangu alfajiri, na ukungu ulikaa juu ya Makutano hivi kwamba saa nne asubuhi malori yalikuwa bado yanapita na taa.

Mimi ni fundi wa waya za gari. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo pengine hapa nitapanga mambo vibaya. Lakini nataka kuandika ya leo kabla sijaanza kujitetea kichwani, maana najijua.

Gari ni ya baba mkwe. Ni wagoni ya miaka ya sabini, rangi ya maziwa, ile alibebea miraa kutoka Kangeta miaka mingi kabla hajazeeka. Jumamosi hii yeye na mama mkwe wanatoa shukrani kanisani kwa kuishi pamoja miaka hamsini, na anataka kumpeleka mama kwa gari hiyo, si nyingine. Shida ni kwamba waya zake zilikuwa zimezeeka mpaka mpira unabomoka ukiugusa. Ilibidi zibadilishwe zote. Mzee alitaka kuipeleka kwa fundi fulani wa Embu. Bibi yangu, binti yake, ndiye alimsihi mpaka ikaja kwangu, na mzee akamwambia nikisikia, "Ijumaa isipowaka, naivuta mpaka Embu. Na hapo nitajua yale nilijisemea siku ulipoleta huyu bwana yako nyumbani yalikuwa ukweli."

Hajawahi kunipenda. Na mimi, niseme haki, sijawahi kujaribu sana kupendwa.

Jumatatu nilifungua dashibodi nikakuta waya zote ni nyeusi. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa akizirekebisha miaka hiyo yote, na alitumia waya aliyopata. Karibu kila moja ilikuwa imefungwa kamba ya mgomba, ile ya kufungia vibunda vya miraa, kavu kama nywele za mahindi. Nilidhani ni takataka ya mzigo iliyonasa huko ndani. Nilizikata zote kwa kisu, nikazikusanya, nikawashia jiko la chai.

Jumanne na jana niliingiza waya mpya, kila kazi na rangi yake. Ilikuwa kazi safi. Sijui kama ni mimi wa kusema hivyo, lakini ilikuwa safi. Leo asubuhi zilibaki waya nne za zamani ambazo sikuwa nimezifuata mpaka mwisho.

Mzee alikuja gereji kama saa tano, na mwavuli na koti lake refu.

"Fundi," akasema. Neno hilo akilisema yeye linasikika kama mwizi.

"Karibu, mzee."

Hakunipa mkono. Aliinama akaingiza mkono chini ya dashibodi bila kuangalia, vidole vikatafuta huku na huku. Kisha vikasimama.

"Kamba zangu ziko wapi?"

"Kamba gani, mzee?"

"Za mgomba. Fundo moja taa za mbele, mawili honi, matatu waipa ya kioo. Gari ikizima usiku huko barabarani nilikuwa naitengeneza kwa vidole tu, bila tochi. Ziko wapi?"

Ningesema zilioza. Nilifikiria kusema hivyo, naandika hapa ijulikane. "Nilizikata Jumatatu. Nilidhani ni uchafu. Nikawashia jiko."

"Ukapika chai."

"Ndiyo, mzee."

"Ilikuwa tamu?"

Jirani yangu anayeuza spea alicheka. Mzee akamgeukia. "Wewe pia ulikunywa?" Jirani akarudi ndani ya duka lake.

"Toka hapo," mzee akaniambia, akakaa kwenye kiti cha dereva. Kumbe waya alizijua pia kwa mahali zilipopita. Akashika ya kwanza. "Hii honi." Nikaunga, nikafunga betri kujaribu, honi ikalia. Nikafungua betri. "Hii waipa." Ikawa waipa. "Hii taa ya ndani." Ikawaka. Kila nikimaliza moja alikuwa na la kusema. "Umeona? Hata mbuzi wangu angejua, akifundishwa." Na lingine, "Msichana wangu alisoma mpaka chuo cha ualimu, akaenda kuchagua mtu wa kuchoma kamba." Watu wawili watatu walikuwa wamesimama hapo mlangoni wakijikinga na manyunyu, na walisikia yote.

Kisha akashika ya nne, ile nene. "Hii ni ya athi. Inafungwa kwa bodi."

Haikuwa ya athi, ile ya kurudisha umeme kwa betri kupitia bodi. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeigusa kwa testa, na testa ikawaka. Hiyo waya inatoka kwa betri moja kwa moja, haina fyuzi. Ukiifunga kwenye bodi ya gari umewasha moto. Hata mtu wa wiki moja gereji anajua hilo.

Nilimpa bisibisi bila kumwambia. Ningependa kuandika kwamba ni heshima, kwamba huku kwetu mtu habishani na baba ya bibi yake mbele ya watu. Ni kweli habishani. Lakini si hiyo. Nilitaka akosee, na wale wa mlangoni waone.

Alikaza skrubu mwenyewe, vizuri, mikono yake haitetemeki. Kisha akasema, "Funga betri."

Na mimi, kwa mkono wangu, nikafunga.

Moshi ulitoka kabla sijasimama wima. Waya ile nilikuwa nimeiviringisha kwa teipu pamoja na zangu mpya, kwa hivyo zote ziliungua pamoja, nyekundu, kijani, buluu, kazi ya siku mbili. Niling'oa waya ya betri kwa kiganja kitupu. Kiganja kimetoka malengelenge, naandika kwa shida.

Mzee alitoka nje ya gari polepole. Hakuangalia moshi. Aliangalia testa yangu pale juu ya boneti, kisha mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

Kama nisingekata zile kamba, angehisi kwa vidole kwamba si yenyewe. Hilo pia ni kosa langu. Lake ni matusi, na kukaza skrubu bila kuuliza. Nimejaribu kupima, na yangu ni mazito.

Mzee alipigia simu mtu wa pikapu, wakafunga gari kwa kamba nene, ikavutwa kuelekea Embu kwenye manyunyu, yeye mwenyewe ndani akishika usukani. Huyo fundi wa Embu, hata awe nani, hawezi kumaliza kufikia Jumamosi. Mama mkwe atapelekwa kanisani na gari ya kukodi.

Bibi yangu alikuwa ameshapigiwa simu nilipofika nyumbani. "Baba anasema ulijua. Ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Na ni mimi nilikuombea hiyo kazi." Alikoroga sufuria kidogo. "Jumamosi nitaenda na watoto. Wewe baki."

Alinipakulia wa mwisho, baada ya watoto. Tulikula githeri ya jana iliyopashwa moto, na sukuma.